Mstari wa Jino la Kwanza

“Mkishajua ni jino lipi lililotangulia, mtafanya nini?”

Dada yangu aliniuliza hivyo jikoni kwake Myamba, ameketi kwenye kigoda, mgongo kaupa mlango, mtoto kamfunika kwa kanga mpaka chini ya macho. Nje ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msituni na ulikuwa ukiimeza migomba mmoja mmoja, bila haraka yoyote. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Uganda mwaka uliotangulia. Nilikuwa na kalamu ya wino na daftari lenye jalada gumu, na nilikuwa karani na mkalimani wa kamati iliyokuwa ikiishauri serikali juu ya matibabu ya watoto.

Mtoto alikuwa na miezi minane na alikuwa akikohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamelala. Nilimgusa unyayo, ukanichoma. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kuteremka. Ilikuwa na dawa, na ilikuwa na dresa, yaani mganga msaidizi aliyefunzwa kutibu vifua vya watoto. Dada yangu hakutaka kwenda. Kilichomzuia ni mstari mmoja kwenye kadi, na mstari huo nilikuwa nimeuandika mimi.

Kwetu, mtoto ambaye meno yake ya juu yalitangulia ya chini aliitwa kijego. Zamani za bibi zetu mtoto wa namna hiyo hakuachwa akue, kwani ilisemwa ataumaliza ukoo. Serikali ilikataza, kanisa likakataza, na nilipozaliwa mimi jambo lenyewe lilikuwa limekwisha. Neno halikuwa limekwisha. Lilinong’onwa mtoni na sokoni. Mama wa mtoto kama huyo aliweza kurudishwa kwao, na mtoto akakua akiangaliwa kwa pembe ya jicho kila ng’ombe alipokufa. Mimi niliondoka mlimani ningali mdogo kwenda shule ya bweni, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoliweka neno lile pamoja na mazimwi na fisi wa hadithi. Nilidhani kwamba kitu nisichokiamini mimi kimekufa.

Miaka ile ilikuwa ya mwisho mwisho ya Waingereza, ingawa wao wenyewe hawakuonekana kulijua hilo. Naikumbuka kama ndoto ya mchana: mambo makubwa yamefifia, madogo yamebaki na rangi zake. Same ninayoikumbuka ni stesheni, boma, safu ya maduka ya bati, na vumbi ambalo alasiri lilisimama hewani likingoja. Treni ilipopita kwenda Tanga, madirisha ya chumba chetu yalitetemeka kidogo. Juu ya yote hayo palikuwa na milima, bluu asubuhi, kijivu mchana, na jioni haikuonekana kabisa, kana kwamba imekwenda kulala mahali pengine. Mimi nilizaliwa huko juu, lakini nilipoitazama kutoka dirisha la boma niliiona kama nchi niliyosimuliwa.

Kamati yetu ilikuwa ya kushauri tu; amri haikuwa nayo. Mwenyekiti alikuwa daktari Mwingereza, mrefu, mwembamba, aliyezungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akisimama kila neno kuhakikisha halitelezi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Ugweno, mzee wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kiislamu wa hapo Same, ambaye babu yake alifika na misafara na hakuondoka tena. Kulikuwa na wengine wawili watatu walioitikia kwa vichwa. Na kulikuwa na mimi, mwanamke peke yangu, niliyeajiriwa kuandika na kutafsiri lakini nisiyeweza kukaa kimya.

Daktari alikuwa na utaratibu wake wa kupata mapendekezo. Alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kila wazo lililotolewa liliandikwa kwenye karatasi na kubanwa pale kwa kibanio cha nguo. Wazo liliitwa wazo tu mpaka lijibu maswali matatu: tumeona nini, nani atafanya, na tutajuaje kama limefaulu. Likiyajibu yote, liliteremshwa kwenye kamba, likawa pendekezo, nami nikalinakili. Lisipoyajibu lilibaki juu, likipeperushwa na upepo wa joto, wiki baada ya wiki, likigeuka manjano. Mfanyabiashara alipoingia asubuhi alikuwa akiniuliza, “Binti, leo tunafua au tunaanua?”

Niliupenda utaratibu ule, na niliutilia shaka. Niliuliza kwa nini hakuna swali la nne, la nani aliombwa ruhusa. Daktari alifikiri, akasema swali hilo ni zuri, na halikuongezwa.

Tulizunguka kusikiliza watu. Ndungu, kule tambarare penye majaruba ya mpunga, walisema wanataka dawa ya homa ya watoto, na walituambia hivyo wote kwa pamoja, hata tukashindwa kuandika. Ugweno walitaka barabara, maana dawa ipo lakini mvua ikinyesha iko upande wa pili. Myamba walituketisha, wakatupa makande, wakanyamaza. Mwishowe mwanamke mmoja aliuliza kama mizani itakayopima watoto ndiyo ile ile inayopima kahawa. Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Daktari aliandika kwamba wananchi wa Myamba wana hamu ya kujifunza.

Lile swali la tatu, la tutajuaje, ndilo lililozaa kadi. Kila mtoto atakuwa na kadi yake zahanatini: jina, mwezi aliozaliwa, uzito, chakula anachopewa. Daktari alitaka pia jino la kwanza, kwa sababu mtoto asiyekula vizuri huchelewa kuota meno. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza jambo mpaka liishe, aliongeza kwa penseli: la juu au la chini.

Nilibishana naye karibu kila mstari. Nilitaka kujua kwa nini jina la baba litangulie wakati mama ndiye atakayebeba mtoto kuteremka na kupanda. Nilitaka kujua uzito utalinganishwa na watoto gani, wa kwetu au wa Uingereza. Nilipofika kwenye jino nikatafsiri kwa pumzi moja, nikaendelea. Nakumbuka mfanyabiashara aliacha kujipepea, na mwalimu akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na kitu. Nilidhani ni joto.

Kadi zilichapishwa. Zahanati ya kwanza kuzijaribu ilikuwa ile ya chini ya Myamba, na dresa wake alikuwa mtu wa Same mjini, mpole, safi, mwenye mwandiko wa kupendeza. Alijifunza kusoma kwa kuimba madrasani, na katika maisha yake yote hakuwahi kuandika neno bila kulitamka. Alipima watoto barazani, ambako kikapu kilining’inia kwenye boriti na kina mama walipanga foleni mpaka uani. Alisikika uani kote: uzito huu, uji wa mahindi, maziwa hakuna, jino la kwanza la chini. Uzito huu, ndizi, jino la kwanza la chini. Kwa mbali ilikuwa kama sala.

Siku moja, wiki ya tatu au ya nne, alitamka: la juu.

Mimi sikuwapo. Nilichokiona ni matokeo yake tu, kwenye karatasi, miezi kadhaa baadaye. Daktari alizichora kadi ubaoni, watoto wa kila umri kwa mstari wake, na katikati ya mchoro palikuwa na pengo. Watoto wachanga waliletwa. Watoto wanaotembea waliletwa. Wa miezi mitano hadi mwaka na kitu walitoweka, kana kwamba mlimani watoto wanazaliwa, wanapotea kidogo, kisha wanarudi wakiwa wanakimbia.

Tulikaa mbele ya lile pengo siku nyingi. Mfanyabiashara alisema ni mvua. Mmoja alisema ni kulima, maana umri huo mtoto ni mzito kubebwa na ni mdogo kuachwa. Daktari alisema ni umbali. Mimi nilimuuliza umbali unamjuaje mtoto wa miezi sita ukamwacha wa miezi mitatu, akakuna shingo. Mwalimu alisema hajui. Alilisema hilo polepole, akitazama dirishani, na mimi niliyejivunia kutilia shaka kila kitu nikamwamini.

Karatasi moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki katikati ya kamba: watoto wa umri wa kati warudishwe. Haikuwa na jibu hata moja kati ya yale matatu. Kikao cha mwisho kilipangwa Alhamisi, kisha taarifa ingekwenda Dar es Salaam. Nikaomba siku mbili nikamsalimie dada yangu.

Nilifika kwake ukungu ukiwa umekwishaingia. Mama mkwe wake alikuwa uani akipeta maharage. Nilimwamkia, “Shikamoo, mama,” akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akasema wasomi siku hizi wanatembea bila kuchafuka. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake hajamwona uso vizuri mwezi mzima, maana mama yake anasema ana mafua na upepo utamzidishia. Nilisikia kitu katika sauti yake ambacho hakikuwa hasira. Alikuwa anaogopa.

Ndani, dada aliniambia yote bila kulia. Yule mama ambaye mtoto wake alitamkiwa pale barazani alifika nyumbani akakuta habari imemtangulia. Sasa yuko kwao, na mtoto. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke Myamba anayepeleka mtoto ambaye fizi zimeanza kuvimba. Wanangoja meno yote manne yatoke, ya juu na ya chini, mpaka hakuna anayeweza kusema lipi lilianza. Mtoto akiugua kabla ya hapo, anaugulia ndani.

“Huyu je?” nilimuuliza.

Alimvuta mtoto karibu na kifua. Hakuiondoa kanga mdomoni mwa mtoto, hata kwangu mimi, niliyekuwa mama yake mdogo.

Nilimwambia mambo niliyoyajua. Kwamba ni meno tu. Kwamba Ulaya wapo watoto wa namna hiyo na wamekuwa mawaziri. Kwamba ile kadi haina nia mbaya, tunataka kujua tu. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali, tukijua tutafanya nini, na mimi nikabaki nimekaa, nikisikiliza kuni zikitoa maji.

Kisha alisema, “Mdogo wangu, mimi siamini mambo hayo. Wala mume wangu haamini. Lakini hapa siishi na mume wangu peke yake.”

Nilirudi Same siku iliyofuata kwa miguu mpaka barabarani, kisha kwa lori la mbao. Njia nzima nilikuwa kama mtu aliyemeza kitu kizima. Nilikuwa na jibu la pengo la Daktari. Ningelitoa, lingeandikwa. Angeuliza tumeona nini, na ningelazimika kusema nimeona wapi, nyumba ya nani. Nisipolitoa, mtoto angebaki chini ya kanga, akibisha hodi. Chuoni nilifundishwa kwamba ukweli ukisemwa waziwazi hufanya kazi yake wenyewe. Sasa nilikuwa nao mkononi na nilikuwa nauogopa.

Nilimkuta mwalimu mstaafu nje ya boma, kwenye kivuli cha ukuta, akingoja jua lilegee. Nilimwamkia. Aliitikia, akasema natembea kama mtu aliyebeba yai. Nikamwambia kuna mtoto. Alianza kuuliza ni wa nani, kisha akainua kiganja.

“Usinijibu. Ukilitaja lile neno mezani, Daktari ataliandika, kwa sababu ni mtu mwaminifu. Likiandikwa litapanda mpaka Dar es Salaam, na litarudi huku likiwa amri. Watatumwa watu kupita nyumba kwa nyumba kuwafumbua watoto midomo. Kwa nia njema kabisa.”

“Kwa hiyo mwalimu anasema tudanganye?”

“Nimesema hivyo? Kwani kwetu mlimani hakuna upepo?”

Sikumwelewa mpaka Alhamisi. Kikao kilianza kwa chai, kama kawaida, na ile karatasi moja ikazunguka kwenye kamba. Daktari alikwishachoka nayo. Alitaka iandikwe kwamba chanzo hakijulikani. Ndipo mwalimu alipokohoa na kusema ana wazo. Chumba cha kupimia watoto kiwe ndani, kiwe na mlango wa kufungwa, na mama aingie peke yake na mwanawe. Daktari aliuliza tumeona nini.

“Tumeona upepo,” mwalimu alisema. “Barazani pale unavuma sana, na mtoto anavuliwa nguo. Wachanga hufunikwa, wakubwa ni wagumu. Wanaoumia ni hawa wa katikati.”

Hoja yenyewe haikuwa na mantiki hata kidogo. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiitafsiri. Nilijisikia nikiitafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kutafsiri kitu chochote, nikichagua maneno ya Kiingereza yenye baridi ndani yake. Daktari aliuliza nani atafanya. Fundi seremala, mwalimu alijibu. Na tutajuaje kama limefaulu?

“Watoto watarudi.”

Mfanyabiashara alijikuna ndevu, akasema yeye alipanda Ugweno mara moja tu kutafuta kahawa, upepo ukamvua kofia, na anaamini mpaka leo kuna mbuzi anaivaa. Watu walicheka. Katika kile kicheko niliona kwamba kila Mwafrika aliyekuwa mezani alijua. Walijua tangu siku ya penseli. Walinyamaza kwa adabu, au kwa aibu, au kwa sababu hawakutaka kuwa wao wa kulitaja mbele ya mgeni, na walidhani mimi, binti wa mlimani, nimeuandika mstari ule nikijua ninalofanya.

Niliomba mstari wa jino ufutwe. Daktari aligeuka akaniuliza kwa nini, kwa upole, kwa Kiingereza. Nilikuwa nimemuuliza yeye swali hilo hilo labda mara mia. Nikasema hautusaidii. Alisema kadi zimekwisha kuchapishwa na kwamba jambo lililoanza kuchunguzwa lisiachwe njiani, na hapo alikuwa anarudia maneno yangu mwenyewe. Pendekezo la mlango likateremshwa kwenye kamba. Mstari ukabaki.

Nilinakili: kwa sababu ya upepo. Ni uwongo wa kwanza niliouandika kwa mwandiko mzuri.

Mlango wa serikali ungechukua mwaka. Daktari, ambaye hakupenda kungoja, alikubali zahanati ianze kujaribu mara moja kwa kutundika chochote, akaandika barua, nikaibeba mimi. Mwalimu alinipa jamvi kutoka kwake, jipya, bado linanuka ukindu. Nilifika zahanatini saa ya mapumziko. Dresa alikuwa akichemsha sindano. Aliisoma barua yote kwa sauti, bila shaka, kisha akaikunja.

“Upepo,” alisema.

“Ndiyo.”

Aliangalia uani, ambako hakuna jani lililokuwa likitikisika. “Na upepo wenyewe, dada, unaingia masikioni?”

“Unaingia.”

Akatafuta misumari. Tulilitundika lile jamvi mlangoni pa stoo ya bandeji. Alipomaliza alibaki ameshika nyundo, akitazama chini. Alisema siku ile alikuwa anaandika tu. Alikuwa na mkono unaoandika na mdomo unaoufuata, na neno lilikwisha kutoka kabla hajalisikia. Alimwona yule mama akilifunga beleko bila kusubiri dawa. Alitaka kumkimbilia, lakini angemwambia nini?

“Nitajifunza kuandika kimya,” alisema.

Nilipanda kwa dada siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa amelegea, na sasa hakukohoa sana, jambo lililonitisha zaidi. Nilimweleza dada juu ya jamvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kadi inakaa kwa nani, nikamwambia inakaa zahanatini, haiji nyumbani. Aliuliza kitaandikwa nini.

Ningeweza kumwambia chochote. “Sijui,” nilisema. “Mstari bado upo.”

Alikaa. Kisha akasimama, akajifunga mtoto, na tukatoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilidhani atatuzuia. Aliivua shali yake, akamfunika mjukuu kichwa, akasema tu tusipite njia ya sokoni.

Safari ile nimeiota mara nyingi kuliko nilivyoitembea. Katika ndoto ukungu ni mzito zaidi na njia haiishi. Tunapita kando ya ndiva, bwawa la kumwagilia, na maji yake hayana juu wala chini, ni weupe mtupu, na dada anatembea mbele yangu mpaka nabaki kuona visigino vyake tu. Nadhani hata siku yenyewe ilikuwa karibu hivyo. Mahali fulani ng’ombe alilia, hatukumwona.

Foleni ilikuwa imekwisha. Dresa alituona, akalinyanyua jamvi kwa mkono mmoja kama mtu anayekaribisha wageni wa heshima, na dada akapita chini yake. Nilipiga hatua kumfuata. Alinigeukia.

“Wewe baki,” alisema.

Nikabaki. Niliketi kwenye nyasi za uani zilizolowa, mimi na shahada yangu. Nilisikiliza. Nilisikia mtoto akilia, sauti kavu, kisha kigingi cha mizani kikigonga, kisha maji yakimiminwa. Sauti ya dresa sikuisikia kabisa. Nilijitahidi niisikie, nakiri hivyo. Nilitega masikio kama wale wote waliokuwa kwenye foleni siku ile. Kilichonifikia ni kalamu yake ikikwaruza karatasi. Wingu lilipita uani, likanifunika, likaendelea bondeni. Niliwaza kwamba pengine ndivyo serikali inavyotuona kutoka huko iliko, vichwa vikitokeza na kutoweka ukunguni, na inachora mistari kati ya vichwa na kudhani imechora watu.

Dada alitoka na chupa ya dawa ya maji, karatasi ya vidonge, na agizo la kurudi kila asubuhi kwa sindano mpaka kifua kifunguke. Mtoto alikuwa hana kanga mdomoni. Alikuwa amelala, ameelekeza uso begani kwa mama yake, hivyo sikuona kitu. Na sikuuliza. Labda lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu lililofika mpaka kwenye ulimi nikaliacha.

Alipona. Ilichukua wiki tatu. Baada ya yeye wakaja wengine, kwanza jioni jioni foleni ikiisha, kisha mchana kweupe. Pengo kwenye mchoro likaanza kujaa. Daktari alifurahi, akatuandikia barua kwamba hakutegemea upepo uwe adui mkubwa kiasi hicho cha afya ya mtoto, na sijui mpaka leo kama alikuwa anatania. Taarifa yetu ilichapwa. Zahanati za mlimani zikapewa milango ya mbao, kwa sababu ya upepo. Miaka michache baadaye Waingereza wakaondoka, Daktari akiwa miongoni mwao, na ile kamba ya mapendekezo ikafungiwa mizigo yake. Niliiona ikizungushwa kwenye sanduku.

Mimi niliendelea kuuliza, nikalipwa kwa kuuliza, nikafundisha wengine kuuliza. Yule mtoto, mwanangu, alikua, akasomea ualimu, akaolewa, na hucheka mdomo wazi mpaka watu wa meza ya pili wanageuka. Hakuna ukoo alioumaliza. Dada aliishi kuwaona wajukuu zake. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake tulikuwa tukimenya njegere pamoja, naye, bila kuulizwa, akasema, “Yalikuwa ya juu. Yote mawili.” Akaendelea kumenya.

Nilikuwa mzee tayari walipobomoa ile zahanati kujenga mpya. Mafundi walikuta kasha la mbao juu ya dari, na kwa kuwa nilijulikana kuwa mtu wa karatasi, niliitwa nilitazame kabla halijachomwa. Zilikuwa kadi zetu. Dresa alikwisha fariki siku nyingi. Nilikaa nazo kutwa nzima, nikazisoma moja moja, kuanzia siku tulipotundika jamvi mpaka siku alipostaafu. Uzito ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu, chakula kwa uangalifu, sindano kwa tarehe. Kadi ya mwanangu ilikuwamo. Kwenye mstari wa jino la kwanza, kwake na kwa kila mtoto mwingine aliyewahi kupita chini ya lile jamvi, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza, dresa alikuwa ameandika: la chini.